Cheni ya skrambla haikazwi kama ya boda: mwongozo kamili wa kuipima na kuirekebisha

Skrambla, yaani pikipiki ya kuruka vilima na kupita njia mbovu, ambayo cheni yake imepimwa sawasawa, ukiiinua juu ya kreti na kuitazama, utadhani mwenyewe ni mzembe. Cheni inaning'inia. Ukiinyanyua kwa kidole inapanda vidole vitatu kutoka kwenye chuma kilicho chini yake. Fundi wa boda akipita hapo atakwambia, "Bosi, hiyo cheni imelegea, ngoja nikukazie," na hatakuwa anakudanganya. Macho yake yamezoea pikipiki ambazo gurudumu la nyuma halipandi sana, na kwa pikipiki hizo ulegevu wa namna hiyo kweli ni ugonjwa.

Mimi somo hili nililipia. Niliiacha pikipiki yangu kwenye gereji moja hapa mjini ibadilishwe tairi la nyuma. Nilipoenda kuichukua, cheni ilikuwa imekazwa kama uzi wa gitaa, nami nikafurahi, nikaona kazi imefanywa safi. Jumamosi nikaenda nayo kwenye uwanja wa Jamhuri Park nikaruka vilima asubuhi nzima. Wiki ya tatu nikaona oili inadondoka nyuma ya sproketi ndogo, lile gurudumu la meno la mbele linaloivuta cheni. Sili, ule mpira wa kuzuia oili isitoke, ilikuwa imekwisha, na nyuma ya sili beringi ya shafti ya gia ilikuwa inacheza. Kuifikia beringi hiyo ni kuishusha injini na kuipasua nusu mbili. Cheni yenyewe haikukatika. Ingekatika ningeshukuru, maana cheni inauzwa Kirinyaga Road, kule wazee bado wanakoita Grogan, na unaifunga mwenyewe kabla ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo hapa nitaeleza kwa kirefu jinsi ya kupima, na kwa nini namba ya ulegevu wa cheni ya skrambla si ile ya boda. Kazi ya spana yenyewe ni dakika 20.

Mlango, bawaba na kamba

Gurudumu la nyuma limeshikwa na mkono mrefu wa chuma au aluminiamu ambao mafundi huuita swingamu. Mkono huo umefungwa kwenye fremu kwa boliti moja ndefu, na huzunguka hapo kama mlango kwenye bawaba. Sasa angalia sproketi ndogo ilipo. Haiko kwenye bawaba. Iko mbele yake, sentimita chache. Umbali huo mdogo ndio unaoleta maneno yote.

Fanya jaribio hili nyumbani ukitaka. Piga msumari ukutani karibu na mlango, upande wa bawaba, kama shubiri moja kutoka kwenye bawaba. Funga mlango, kisha vuta kamba kutoka kwenye msumari hadi kwenye kitasa, uifunge ikiwa imenyooka kabisa. Sasa fungua mlango kidogo kuja kwako. Kamba imelegea. Ufunge tena, kamba inanyooka. Msumari, bawaba na kitasa vikiwa kwenye mstari mmoja, ndipo kutoka msumari hadi kitasa ni mbali kuliko wakati mwingine wowote. Mlango ukiuacha mstari huo, umbali unapungua.

Msumari ndio sproketi ndogo, bawaba ni boliti ya mkono, kitasa ni ekseli ya gurudumu. Skrambla ikiwa juu ya kreti gurudumu linaning'inia chini ya mstari, na cheni iko legevu. Ukikaa, linapanda. Ukitua baada ya kuruka, linapanda likaufikia mstari, likaupita. Pale linapoupita ndipo cheni hubana kuliko popote, na kama hukuiachia nafasi, kitu lazima kitoe: cheni, au beringi za gurudumu, au ile beringi yangu.

Boda nayo ina mkono na ina bawaba, ila gurudumu lake husafiri kidogo. Skrambla kubwa ya mashindano husafiri kama milimita 300 kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Hata zile ndogo zenye injini ya cc 150 au 200, ambazo maafisa wa mashinani huenda nazo vijijini, husafiri kuliko boda. Kadiri gurudumu linavyosafiri zaidi, ndivyo cheni inavyotaka ulegevu zaidi ikiwa imepumzika.

Na ulegevu ukizidi? Una madhara yake. Cheni hupigapiga plastiki ya kukinga mkono hadi ikaula, huanza kuruka meno, na siku mbaya hutoka kwenye sproketi, ikajikunja mbele na kupasua kava la injini au kulifunga gurudumu ukiwa kwenye mwendo. Lakini nikilazimika kukosea, nitakosea upande wa kulegeza. Cheni legevu hupiga kelele na unaisikia. Iliyokazwa mno hukaa kimya hadi oili imwagike.

Namba bila mahali pa kupimia ni bure

Kitabu cha pikipiki huandika namba na huweka mchoro. Watu wengi hubeba namba wakauacha mchoro, halafu wanabishana. Wako watengenezaji wanaopima cheni ya juu: unainyanyua pale plastiki ya kukinga mkono inapoishia kwa nyuma, kisha unapima nafasi kati ya mkono na cheni. Wako wanaopima cheni ya chini, katikati ya sproketi mbili, kuanzia inaposhuka kabisa hadi inapopanda kabisa. Wengine wanataka gurudumu lining'inie hewani, wengine wanataka pikipiki isimame kwa stendi yake ya pembeni. Ndiyo maana rafiki yako atakwambia 35, wewe kitabu chako kinasema 55, na nyote mko sawa. Kwa kulinganisha tu, pikipiki nyingi za barabarani hupimwa kwenye cheni ya chini na hutaka milimita 20 hadi 30.

Ukiwa huna kitabu, kwanza angalia mkono wenyewe. Pikipiki nyingi zina stika ndogo iliyobandikwa hapo, na mara nyingi imefichwa na matope tu. Isipokuwepo, tumia vidole vitatu, kipimo ambacho waendeshaji wa skrambla kubwa hukitumia duniani kote: gurudumu likiwa hewani, vidole vitatu vikilala pamoja viingie kati ya mkono na cheni, pale plastiki inapoishia, bila kulazimisha. Vidole vitatu vya mtu mzima ni kama sentimita 5. Lakini vidole vya mjenzi wa mawe ya Ndarugo si vidole vya karani, kwa hiyo viweke juu ya rula mara moja ujue vyako ni milimita ngapi. Kwa skrambla ndogo, vidole vitatu vinaweza kuwa vingi mno. Huko mbele nitakuonyesha jinsi ya kuipata namba ya pikipiki yako mwenyewe bila kumuuliza mtu.

Kabla ya kushika spana

Vifaa si vingi. Kitu cha kuinulia, na hapa Nairobi hicho ni kreti ya soda iliyoongezwa vipande vya mbao hadi gurudumu la nyuma liache kugusa chini. Rula ya chuma. Spana mbili za nati za kurekebishia, kwa kawaida namba 10, 12 au 13. Spana ya nati ya ekseli, ambayo inaweza kuwa 19 kwenye ndogo na kufika 27 au 32 kwenye kubwa. Kitambaa kikuukuu, brashi, mafuta ya taa kidogo. Kama ekseli yako ina spilipini, ile pini ya kukunjwa inayozuia nati isifunguke, nunua mpya. Ni ya bei ya peremende, na iliyokunjwa mara mbili huvunjika.

Osha cheni kwanza. Ukipima cheni iliyojaa udongo unapima udongo.

Sasa kuhusu vidole. Injini izimwe, ufunguo utolewe kama upo, gia iwe nyutro. Usisafishe cheni wala usiipake mafuta injini ikiwa inazunguka, hata kama umeona wenzako wakiwasha, wakaweka gia ya kwanza na kushika brashi. Kitambaa kikinaswa kati ya cheni na sproketi huvuta mkono pamoja nacho, na sproketi haijui tofauti ya kitambaa na kidole. Zungusha gurudumu kwa mkono, ukilishika kwenye tairi, mbali na cheni. Watoto wa ploti wakija kutazama, na watakuja, wape kazi ya kushika rula upande wa pili.

Je, cheni yenyewe bado ni nzima?

Hatua hii wengi huiruka, nami naiweka mbele kwa makusudi, kwa sababu cheni iliyokwisha haipimiki. Utaikaza leo, kesho imelegea, na utadhani tatizo ni nati.

Soma namba iliyogongwa ubavuni mwa viungo. Boda na skrambla ndogo huwa na 428, skrambla kubwa huwa na 520. Tarakimu ya kwanza inataja umbali kutoka pini hadi pini kwa sehemu za nane za inchi: 4 ni milimita 12.7, na 5 ni milimita 15.875. Hapo kuna bahati nzuri: nafasi 20 za cheni ya 428 na nafasi 16 za cheni ya 520 zote zina urefu uleule, milimita 254. Kwa hiyo rula moja inatosha. Ivute cheni ya chini inyooke, kisha pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21 kwa cheni ya 428, au pini ya 17 kwa cheni ya 520. Mpya ni 254. Ikifika 256 na nusu imeongezeka asilimia 1, na hapo mimi huanza kuweka pesa kando. Ikifika 259 ni asilimia 2, na hiyo siipandi tena kwenda popote. Rudia kipimo mahali pengine pawili au patatu, kwa kuwa cheni haiishi sawasawa.

Tunasema cheni imevutika, lakini chuma hakijavutika. Kilichotokea ni kwamba pini na vikombe vinavyozungukia pini vimelika, kila kimoja kidogo, na cheni ya viungo zaidi ya mia moja inajumlisha vidogo hivyo vyote.

Huna rula? Nenda nyuma kabisa ya sproketi kubwa, ushike cheni na kuivuta kuelekea nyuma, kama unaing'oa. Ikiachana na sproketi hadi ukaona nusu ya jino, imekwisha. Tazama na meno yenyewe. Jino zima lina mabega mawili yanayofanana. Jino lililokwisha limelalia upande mmoja kama pezi la papa. Cheni mpya ukiifunga juu ya meno hayo utaiua kwa miezi michache, kwa hiyo badilisha vyote vitatu pamoja: cheni, sproketi ndogo, sproketi kubwa.

Angalia pia viungo vilivyoganda, vile vinavyobaki vimekunjika vikitoka kwenye sproketi ndogo, na angalia klipu ya kiungo cha kuungia kama cheni yako inayo. Upande wa klipu uliozibwa ndio unaotangulia mwendo. Kiungo kikiwa kwenye cheni ya juu, upande uliozibwa utazame mbele ya pikipiki. Ikiwekwa kinyume, jiwe au tawi moja linatosha kuing'oa.

Jambo la mwisho hapa: fundi akikushauri akate kiungo kimoja ili cheni iliyovutika irudi kukazika, kataa. Kukata kiungo ni kwa cheni mpya iliyokuja ndefu. Kwenye cheni kuukuu unaficha ugonjwa, na meno yanaendelea kuliwa.

Kupima

Pikipiki ikiwa juu ya kreti, zungusha gurudumu polepole mzunguko mmoja baada ya mwingine, ukiinyanyua cheni kila baada ya kiasi cha mkono mmoja. Utaona mahali inabana na mahali inalegea. Tofauti ndogo ni ya kawaida, kwa sababu hakuna sproketi iliyo duara kamili. Weka alama ya chaki pale inapobana zaidi, kisha simamisha gurudumu cheni ikiwa hapo. Ni hapo utakapopimia na ndipo utakaporekebishia. Ukirekebisha palipolegea, kila mzunguko pale panapobana patakuwa pamekazwa kupita kiasi.

Tofauti ikiwa kubwa, tuseme zaidi ya milimita 10, cheni imelika vibaya au sproketi imepinda. Rudi kwenye sehemu iliyotangulia.

Sasa nyanyua cheni ya juu kwa kidole kimoja pale plastiki inapoishia, hakikisha ya chini imenyooka, na pima kutoka juu ya mkono hadi chini ya cheni. Au pima cheni ya chini, kama kitabu chako kinavyotaka. Andika. Usiamini kichwa chako. Dakika kumi baadaye utakuwa unajiuliza ilikuwa 48 au 58.

Kurekebisha

Ng'oa spilipini kama ipo, kisha legeza nati ya ekseli. Ilegeze tu, usiitoe. Inatosha gurudumu liweze kuteleza kwenye tundu lake refu. Ikiwa imeshika sana, shusha pikipiki chini kwanza, mtu akanyage breki ya nyuma, halafu vuta spana. Ukihangaika nayo ikiwa juu ya kreti utaiangusha, na skrambla ikianguka kutoka kwenye kreti huangukia klachi.

Legeza zile nati ndogo za kufungia, moja kila upande. Kinachofuata kinategemea umbo la pikipiki yako, na hapa ndipo watu hukaza wakidhani wanalegeza. Kwenye skrambla nyingi kubwa kuna boliti mwishoni mwa mkono ambayo kichwa chake kinasukuma bloku ya ekseli. Ukiifungua boliti hiyo, inatoka nje na kulisukuma gurudumu nyuma, yaani cheni inakaza. Kwenye nyingine, na kwenye boda nyingi, kuna boliti inayovuta ekseli: ukiikaza nati yake ndipo gurudumu linarudi nyuma. Na kuna zile zenye sahani za duara zisizo sawa, mfano wa konokono, zilizopigwa namba au alama. Hizo huzungushwa tu hadi alama ya kushoto na ya kulia zilingane. Zungusha nusu, tazama cheni imefanya nini, utajua una ya aina gani.

Endelea robo mzunguko kwa robo mzunguko, kushoto kisha kulia, idadi ileile. Boliti ya milimita 8 husogea milimita 1.25 kwa mzunguko mzima, kwa hiyo robo ni kama theluthi ya milimita tu. Inaonekana si kitu, lakini kwenye cheni unaona milimita kadhaa. Ndiyo sababu mtu anayezungusha mara mbili kwa pupa hujikuta amepitiliza.

Ukipitiliza na kutaka kulegeza, kumbuka kwamba boliti ya kusukuma haivuti. Utairudisha ndani, na gurudumu litabaki pale pale nyuma. Lipige tairi kwa kiganja kutoka nyuma hadi bloku zigonge vichwa vya boliti zote mbili.

Kisha kuna ujanja wa kitambaa. Kikunje kitambaa kiwe kinene kama kidole gumba, kiweke juu ya sproketi kubwa, pale cheni ya juu inapokutana na meno, kisha rudisha gurudumu nyuma taratibu kwa kulishika tairi. Kitambaa kinaingia kati ya cheni na meno, cheni inanyooka, na ekseli yote inavutwa mbele ikabana dhidi ya boliti za kurekebishia. Gurudumu likikataa kuendelea, liache hapo. Vidole viwe mbali kabla hujaanza kuzungusha.

Gurudumu linyooke

Alama zilizopigwa kwenye mkono, kushoto na kulia, zinatosha kwa siku za kawaida. Lakini si kila mkono umepigwa alama kwa uangalifu, na pikipiki iliyowahi kuanguka vibaya alama zake huwa hadithi. Mara moja moja pima kwa tepu: kutoka katikati ya boliti ya bawaba hadi katikati ya ekseli, kushoto, halafu kulia. Tofauti ikizidi milimita moja, rekebisha upande mmoja na uandike alama zako mwenyewe kwa rangi ya kucha.

Kisha piga magoti nyuma ya pikipiki, ufumbe jicho moja, utazame juu ya cheni kutoka sproketi kubwa kwenda mbele, kama seremala anavyotazama ubao. Cheni inayokwenda moja kwa moja utaiona. Inayopinda pale inapoacha meno nayo utaiona. Sproketi yenyewe pia husema: meno yakiwa yameng'arishwa ubavu mmoja tu, gurudumu limekuwa likikimbia upande kwa muda mrefu.

Kufunga ekseli

Kaza nati ya ekseli kitambaa kikiwa bado mle ndani. Nguvu yake imeandikwa kwenye kitabu, na kwa skrambla kubwa huwa kati ya nyutoni-mita 80 na 130 kutegemea aina. Ndogo hutaka pungufu. Spana ya kupimia nguvu si kila mtu anayo, lakini mizani ya ndoano, ile ya kuning'iniza ya wanunuzi wa vyuma chakavu, kila mtaa inapatikana. Funga mizani kwenye mpini wa spana, sentimita 30 kutoka katikati ya nati, na uvute kwa pembe mraba. Kilo 27 kwenye mizani ni kama nyutoni-mita 80, kilo 34 ni kama 100. Nimewahi kuchekwa nikifanya hivi. Aliyecheka aliporudi kwao ekseli yake ilikuwa imelegea, lakini hiyo ni hadithi yake.

Zungusha gurudumu mbele, kitambaa kitoke. Pima tena. Kukaza nati mara nyingi huvuta ekseli nyuma kidogo na kuikaza cheni milimita mbili tatu, kwa hiyo kipimo cha kweli ni hiki cha sasa, si kile cha kabla. Kikikataa, legeza, anza tena. Kikikubali, funga nati ndogo za pembeni huku umeshika boliti isizunguke nazo, weka spilipini mpya na uikunje.

Breki usiisahau. Gurudumu limesogea. Ya diski, pampu pedali hadi iwe ngumu kabla hujapanda. Ya ngoma, fimbo yake imekaza au imelegea pamoja na gurudumu, kwa hiyo irekebishe, na uhakikishe gurudumu linazunguka huru ukiiachia.

Kuipata namba ya pikipiki yako

Hili hufanywa mara moja tu, na tena ukibadilisha idadi ya meno ya sproketi. Weka pikipiki chini, mtu aishike wima. Chukua mkanda wa kufungia mizigo, ule wa kukaza kwa mpini kama wa madereva wa lori, uuzungushe kwenye fremu chini ya kiti na kwenye gurudumu la nyuma. Usiupitishe juu ya plastiki wala bomba la moshi. Kaza taratibu huku springi ikishuka, hadi ukitazama kwa ubavuni, katikati ya sproketi ndogo, boliti ya bawaba na ekseli viwe kwenye mstari mmoja. Rula ndefu au uzi ulionyooshwa utakuambia. Kwenye skrambla ndogo marafiki wawili wazito wakikaa kwenye kiti wanatosha, mradi wavumilie.

Hapo ndipo cheni ilipobana kuliko popote. Sasa irekebishe hadi, ikiwa kwenye hali hiyo, cheni ya chini bado icheze milimita 10 hadi 15 juu na chini katikati yake. Kaza ekseli. Legeza mkanda polepole, inua pikipiki kwenye kreti, na pima cheni ya juu kama nilivyoeleza. Namba utakayoipata, iwe 40 au 58, ndiyo namba ya pikipiki yako, na tangu siku hiyo hutahitaji mkanda wala marafiki.

Vumbi na udongo mweusi

Kuanzia Machi hadi Mei, ukienda Kitengela au Athi River, ule udongo mweusi unaonata hujaza kila uwazi. Unaingia kati ya meno na cheni, cheni inapanda juu yake, na iliyokuwa imepimwa sawasawa asubuhi inakuwa imekaza saa tano. Siku kama hizo nalegeza milimita 5 zaidi kabla ya kutoka, na nikisimama nachokoa sproketi kwa kijiti.

Kiangazi, kwenye vumbi la Kiserian kwenda Magadi, adui ni mafuta yenyewe. Grisi nzito ikichanganyika na vumbi inakuwa msasa. Mimi natumia oili ya gia, namba 80 au 90, kidogo, upande wa ndani wa cheni ya chini, nikiwa nimetoka kuendesha na cheni ina joto, halafu nafuta inayobaki nje. Cheni yenye pete za mpira kati ya bamba zake isafishwe kwa mafuta ya taa, si petroli, wala isipigwe na maji ya presha kwa karibu pale kwa waosha magari. Oili chafu ya injini, ile nyeusi iliyomwagwa, naiacha kwa wanaopaka nguzo za ua zisiliwe na mchwa.

Cheni mpya hulegea haraka mwanzoni, kwa hiyo ipime baada ya nusu saa ya kwanza ya kuendesha, kisha tena jioni hiyo. Baada ya hapo, vidole vitatu kila asubuhi kabla ya kuvaa helmeti.

Nikiiacha pikipiki kwenye gereji siku hizi, hata kama ni taa tu inayotengenezwa, nafunga kipande cha katoni kwenye ekseli kwa waya. Kimeandikwa kwa kalamu nene: "Cheni 54, gurudumu likiwa hewani. Usikaze. Nipigie simu kwanza."